Tell, Ibilisi au bibi wa Aletsch: hadithi ipi ya Uswisi umsimulie nani

Wifi yangu anaishi Bern na ana watoto watatu, wa miaka 6, 9 na 14, ambao Kijerumani cha mtaani kwao kimewakaa mdomoni kuliko Kiswahili cha mama yao. Majuzi akanipigia. "Wifi, shule inawapa hadithi za milima yao nusunusu. Nataka niwasimulie mwenyewe, kwa lugha yetu, kabla hawajalala. Nianze na ipi?" Nikamjibu aanze na yoyote. Usiku nikajirudi, asubuhi nikampigia tena kufuta nilichosema. Hadithi za kule si karanga za kikapuni ukachota tu. Zipo ambazo ukimpa wa miaka 6, utalala naye kitanda kimoja mwezi mzima.

Jambo la kwanza nililomwambia ni kwamba asitegemee sana ngano. Sisi tukisema "Paukwa!" na wenzetu wakaitikia "Pakawa!", tumeshatoka mahali tulipo. Sungura hana anwani, wala hakuna anayeuliza kijiji gani. Waswisi nao wanazo za namna hiyo, Kijerumani chao huziita Märchen. Ila utajiri wao hasa ni ule wanaouita Sage, visakale: hadithi yenye jina la mlima, daraja lake, jiwe lake, na mara nyingi nyumba ya mtu fulani. Padri Josef Müller, aliyekuwa akihudumia wagonjwa katika hospitali ya mji wa Altdorf, alizikusanya za jimbo la Uri kutoka vinywani mwa watu, na juzuu ya kwanza ikatoka mwaka 1926. Ukizisoma unaona msimulizi hasemi "hapo zamani za kale". Anasema "pale juu, upande wa pili wa mto". Kwa hiyo anayesimulia kwa Kiswahili achague hadithi ambayo mahali pake anaweza kupaonyesha kwa kidole, au angalau kupachora kwa maneno.

Tell na Daraja la Ibilisi

Hizi mbili ndizo zinazogombania nafasi ya kwanza, na zote zinatoka Uri. Kila mtu atakuambia anza na Wilhelm Tell. Mimi nasema usianze naye.

Hadithi yenyewe wengi tumeisikia. Gessler, liwali aliyewekwa na ukoo wa watawala wa Habsburg, alisimika mti katikati ya Altdorf, akautundika kofia yake, akaamuru kila apitaye aiinamie. Tell akapita na mwanawe, shingo wima. Adhabu yake ikawa kulenga tofaa lililowekwa juu ya kichwa cha mtoto, kwa upinde wa mtambo, ule unaolazwa kwenye ubao na kufyatuliwa kama bunduki. Akalipasua tofaa. Liwali akaona mshale wa pili ndani ya koti, akauliza huu wa nini. "Ningempiga mwanangu, huu ulikuwa wako." Akafungwa, akatiwa mashuani, dhoruba ikachafuka ziwani, akaruka juu ya mwamba na kuisukuma mashua kwa mguu irudi kwenye mawimbi. Akaenda kumvizia liwali kwenye njia nyembamba karibu na Küssnacht.

Mshale wa pili ni kipande cha usimulizi ambacho sijui kama kina mpinzani. Ila angalia mzigo unaokuja nacho. Kabla hujafika kwenye tofaa, umeshaeleza Habsburg ni nani, kwa nini kofia, na Uri ilikuwa chini ya nani. Halafu mtoto wa miaka 6 hasikii uhuru wa nchi hapo. Anasikia baba akimlenga mtoto. Yule mdogo wa wifi yangu aliuliza mama yake alikuwa wapi, na hadithi ikaishia pale pale.

Kwa wa miaka 14 mambo yanageuka, kwa sababu huyo unaweza kumpa na ugomvi uliomo. Waswisi huweka kisa hiki mwanzoni mwa miaka ya 1300, lakini maandishi ya kwanza yanayomtaja Tell ni kitabu cheupe cha Sarnen, cha miaka ya 1470 hivi. Na Saxo Grammaticus, mwandishi wa historia ya Denmark, alikuwa ameshasimulia mnamo mwaka 1200 habari za mpiga mishale aitwaye Toko, aliyelazimishwa na mfalme kulenga tofaa kichwani mwa mwanawe, naye akaweka akiba ya mishale kwa ajili ya mfalme. Mwaka 1760 kikatoka kijitabu kilichosema wazi kwamba Tell ni ngano ya Kidenmark. Altdorf walikichoma moto hadharani. Kijana wa sekondari akisikia hivyo, macho yanamtoka: watu wameteketeza kitabu kwa sababu ya mtu ambaye huenda hakuwahi kuwepo! Ukishafika hapo unaweza kumleta Fumo Liyongo wetu, naye bingwa wa mishale ambaye wataalamu bado wanabishana aliishi lini. Kisa chake ni kama cha Tell kilichopinduliwa, maana kwetu mtoto ndiye aliyemchoma baba, sindano ya shaba kitovuni. Mazungumzo ya jioni nzima hayo, lakini si ya kumlaza mtu.

Sasa Daraja la Ibilisi. Ukipanda kutoka Göschenen kwenda Andermatt, mto Reuss unapita ndani ya korongo la Schöllenen, kuta za mawe huku na huku, maji yakinguruma hadi mnaongea kwa kupaza sauti. Watu wa Uri walijaribu kujenga daraja pale wakashindwa, likijengwa linachukuliwa na maji. Mkubwa wao mmoja akachoka, akafoka: basi na Ibilisi mwenyewe ajenge! Kauli haikumtoka vizuri, jamaa akawa amesimama mbele yake. Nitajenga, akasema, ila roho ya kwanza kuvuka ni yangu. Wakapatana. Baada ya siku tatu daraja limesimama, na Ibilisi amekaa upande wa pili anangoja malipo yake. Watu wa Uri wakamswaga beberu akavuka.

Hapo ndipo watoto hupiga makofi. Na haijaisha. Ibilisi kwa hasira akaenda kuchukua jiwe kubwa kama nyumba aje alivunje daraja. Njiani akakutana na bibi kizee, jua kali, jasho linamtoka, akalitua apumzike. Bibi akaona kwato chini ya vazi, akalichora jiwe alama ya msalaba. Ibilisi akainama kulibeba tena. Halikunyanyuka.

Jiwe lipo Göschenen mpaka leo. Ilipojengwa barabara kuu ya Gotthard likawa limekaa njiani, na mwaka 1977 likasogezwa mita 127. Serikali ikahamisha mzigo wa Ibilisi badala ya kuulipua! Nililitembelea na watoto wawili. Magari yanapita kando yake kwa kasi, upepo wa malori unakupiga usoni, na lenyewe limenyamaza tu, kijivu, lina nyasi kwenye nyufa. Mdogo alilizunguka akitafuta msalaba. Ukipanda mpaka korongoni utaona kwenye ukuta wa mwamba picha ya Ibilisi mwekundu pamoja na beberu, iliyochorwa mwaka 1950 na Heinrich Danioth, msanii wa huko huko Uri. Daraja la mawe la mwaka 1595 lilibomoka mwaka 1888, lakini la mwaka 1830 bado liko, nalo la magari la miaka ya 1950 limepita juu yake. Kwa hiyo mtoto akiuliza lipi ni la Ibilisi, mwache abishane na mwenzake.

Ukizipima, Tell anataka utangulizi na Ibilisi hataki. Tell ana jibu moja zuri, Ibilisi ana hila mbili, ya beberu na ya bibi, na zote mbili zinatoka kwa watu wa kawaida kabisa. Mtoto aliyekulia kwenye hadithi za sungura kumlaghai fisi anaingia humu bila kubisha hodi. Tatizo lake ni dogo. Kila mara kuna atakayeuliza, "Beberu alikosa nini?" Sina jibu, na wifi nimemwambia asitunge.

Milima: liwali wa pili, na msichana mwenye sufuria

Wageni wakija Luzern wanauona mlima Pilatus kila waendako, kwa hiyo hadithi yake ndiyo rahisi kuliko zote kwa anayetembeza watu. Ni hadithi ya liwali tena, safari hii Pontio Pilato aliyenawa mikono. Wenyeji waliamini maiti yake ilitupwa katika kiziwa cha mlimani baada ya mito kuikataa, na kwamba ukitupa jiwe majini anaamka na kuleta tufani. Kupanda kukapigwa marufuku. Mwaka 1387 makasisi sita walitiwa ndani kwa kujaribu kwenda. Mwaka 1585 padri wa mji wa Luzern, Johann Müller, akapanda na watu wake, akatupa mawe ziwani na kumwita Pilato kwa dharau. Kimya. Mwaka 1594 kiziwa kikatobolewa maji yakatoka. Ni nadra kupata hadithi ambayo unaweza kutaja mwaka hofu yake ilipokwisha, na ndiyo maana nawapa watoto wenye maswali mengi, wale wa "wewe umejuaje?" Yule wa miaka 9 ndiye wake huyu. Leo unapanda kwa treni ya meno, yaani yenye gurudumu la meno linaloshika reli, iliyoanza mwaka 1889, na mteremko wake unafika asilimia 48.

Mlima huo huo una majoka. Mtengeneza mapipa mmoja alitumbukia pangoni wakati wa kutafuta mbao, akakuta wawili. Hawakumla. Alikaa nao msimu wote wa baridi akilamba unyevu wa ukuta kama wao, na majira yalipogeuka joka la pili likampa mkia ashike, likaruka naye nje. Wanaoimalizia vizuri wanaishia hapo. Wanaoimalizia kama ilivyo wanasema tumbo lake halikupokea tena chakula cha watu, akafa baada ya muda mfupi. Mimi watoto nawakatia kwenye mkia.

Ukitaka ya mlima yenye msichana, iko ya Vrenelisgärtli, kilele chenye theluji cha mita 2,904 katika jimbo la Glarus. Vreneli alitaka kupanda bustani huko juu, akaambiwa haiwezekani, akaenda na sufuria ya shaba kichwani ili theluji isimwangukie. Ikaanguka. Ikajaa juu ya sufuria, uzito ukamshinda, na "kabustani ka Vreneli" ndilo jina la mlima hadi leo. Ni fupi sana, dakika tatu umemaliza, na kwa jioni ya kuchoka ndiyo dawa. Lakini ina kidole cha kuwaonya wasichana wasichupe mipaka, na hicho mimi sikipendi. Nikilinganisha na Pilatus, ninamchagua Pilato.

Kama unataka ngano tu, bila ramani

Basi mbili zinatosha. Ya kwanza ndugu Grimm waliipokea kutoka kwa mtu wa Visp, katika jimbo la Valais, wakaiweka kwenye mkusanyo wao kwa jina la Lugha Tatu: baba anamfukuza mwanawe kwa kuwa kila anakopelekwa kusoma anarudi na upuuzi, mara lugha ya mbwa, mara ya ndege, mara ya vyura. Lugha hizo ndizo zinazomfikisha kwenye kiti cha Papa. Kwa watoto wanaoongea Kijerumani shuleni, Kiswahili nyumbani na Kifaransa kwa jirani, huhitaji kuongeza kitu.

Ya pili ni ya Res, mchungaji wa malisho ya Bahlisalp katika bonde la Haslital. Anaamka usiku darini anawakuta wanaume watatu wanatengeneza jibini kwenye jiko lake: mmoja pandikizi la mtu, mmoja mwindaji wa kijani, mmoja kijana mweupe. Wanamimina maziwa kwenye vibakuli vitatu, na katika kila kimoja yanageuka rangi yake, mekundu, ya kijani, meupe. Mekundu ni nguvu pamoja na ng'ombe, ya kijani ni dhahabu na fedha, meupe ni sauti ya kuimba na baragumu la mlimani. Simamisha hadithi hapo, uwaulize wao wangekunywa kipi. Wa wifi yangu wote walitaka kijani, mama yao akacheka hadi akashindwa kuendelea. Res alichukua cheupe.

Watoto wakishalala

Hapa ndipo nilipomwambia wifi afunge mlango, kwa sababu hadithi bora za Uswisi, kwa maoni yangu, ziko upande huu. Mbili zinashindana, na zote zinaanza na mtu kukaribisha asiyemjua ndani ya nyumba.

Ya kwanza inaitwa Sennentuntschi, mwanasesere wa wachungaji, na inasimuliwa Uri, Graubünden na majimbo mengine ya milimani. Wanaume wako malishoni miezi ya joto, hakuna mwanamke. Kwa mzaha wanatengeneza mwanasesere wa majani makavu na matambara. Wanamketisha mezani, wanampaka uji mdomoni, wanambatiza kwa kejeli, wanalala naye. Siku moja anaanza kula mwenyewe. Kisha anasema. Inapofika siku ya kuteremsha ng'ombe, anadai mmoja wao abaki, na anayetakiwa ni mkubwa wao. Wengine wanashuka bila kuthubutu kugeuka, na walipogeuka kwenye ukingo wa mwisho walimwona juu ya paa la kibanda ameitandaza ngozi ya mwenzao akiianika.

Inatisha, na inatisha kwa haki. Usiisimulie mbele ya mtu ambaye hujui atacheka wapi, kwa sababu wapo wanaume wanaocheka kwenye sehemu ya kwanza yote, wakanyamaza kwenye paa tu. Katika jumba la makumbusho la Rätisches Museum mjini Chur wamehifadhi mwanasesere wa namna hiyo kutoka bonde la Calanca. Nilipomwona sikukaa sana.

Ya pili ni ya Aletsch, Valais. Aletsch ni barafuto, yaani mto wa barafu unaotambaa bondeni polepole, kubwa kuliko zote za milima ya Alps, urefu wake kama kilomita 20. Wakatoliki wa huko waliamini toharani iko mle ndani: roho zimegandishwa kwenye barafu kungoja kusamehewa, nyingi kiasi kwamba huwezi kukanyaga bila kukanyaga kichwa. Usiku hutoka zikaandamana.

Kando ya barafuto hiyo kulikuwa na bibi mjane aliyekaa peke yake akisokota nyuzi usiku kwa mwanga wa taa ndogo, akiziombea roho hizo. Kila usiku wa baridi aliacha mlango bila komeo ili ziingie kuota moto, na kipande cha mshumaa kinawaka. Usiku mmoja alichelewa na kazi. Nje sauti ikasema, "Bado anasokota." Akaendelea. Ikarudia. Akajibu kwamba anajua, anamalizia tu fungu lililobaki. Mara ya tatu akakasirika kidogo, kama mwenye nyumba yeyote anayeharakishwa: ingieni basi! Na hakuwa amewahi kuzikaribisha roho hizo akiwa bado hajapanda kitandani. Mlango ukafunguka. Akasikia nyayo, nyingi, haziishi, kama kondoo wakiingizwa zizini, na baridi ikajaa chumba hadi akadhani hataiona asubuhi. Kengele ya alfajiri ilipolia wakatoka.

Alipokuwa akikata roho, waliokesha naye walisikia sauti nje: bado yu hai. Baadaye wakachungulia dirishani wakaona msururu wa taa ndogo ukipanda kuelekea kwenye barafu, kila taa ni kipande cha mshumaa aliowawashia. Zikazimika moja moja kule juu.

Hii ndiyo niliyompa wifi kwa ajili yake mwenyewe, na kwa yule wa miaka 14 siku atakapoiomba. Mwanasesere anakupa hofu ya dakika moja, kali, halafu umeamka. Bibi huyu anakuachia baridi. Tena ana jambo ambalo hadithi nyingi za mizimu hazina: wanaotisha ndio wanaohurumiwa. Mswahili aliyelelewa kufungulia mgeni mlango usiku wa manane, huku moyo unamdunda, anamwelewa bila mkalimani.

Na habari zake hazijaisha. Mwaka 1678 watu wa Fiesch, jirani na hapo, waliweka nadhiri kumwomba Mungu barafuto isikue, kwa kuwa ziwa la Märjelen lililozuiwa na barafu lilikuwa likipasuka na kuwagharikisha. Karne hii wakalazimika kuomba Roma ruhusa ya kuibadilisha nadhiri, na wakapewa: sasa wanaomba isiyeyuke. Nikimsimulia mtu mzima huwa namwekea hilo mwishoni, halafu hakuna anayeongea kwa muda, mpaka mmoja aulize roho zitakwenda wapi.

Wifi akaniuliza atasimuliaje ya Aletsch kwenye nyumba yenye taa za umeme kila kona. Nikamwambia azime zote, awashe mshumaa mmoja na kuacha dirisha wazi inchi moja, hata ikiwa ni Januari. Bili ya kupasha nyumba joto atabishana na kaka yangu baadaye.